Kutafuta njia ndani ya ini: ramani ya CT, altrasaundi na ICG kwenye upasuaji wa matundu madogo

Ini halikuchorwa mipaka. Kamera ikiingia kitovuni unaona mgongo laini wa rangi ya hudhurungi, ukano wa falsifomu unaoonekana kuligawa mara mbili, na mfuko wa nyongo ukining'inia chini. Hata ule ukano unadanganya: mpaka halisi wa kulia na kushoto ni mstari wa Cantlie, unaotoka kwenye mfuko wa nyongo hadi vena kava, mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, na juu ya ini hauonekani. Segmenti nane alizozipanga Couinaud miaka ya 1950 nazo zimejificha, kwa kuwa zinafuata mishipa iliyozama ndani. Kwenye upasuaji wa wazi vidole hufidia. Unapapasa, na uvimbe mgumu unajitaja wenyewe. Kwenye matundu madogo vidole vimebaki nje.

Pengo hilo huzibwa kwa vitu vitatu: ramani ya 3D inayotokana na CT, altrasaundi inayopita kwenye troka (bomba la kuingizia vifaa tumboni), na dawa ya ICG (indosianini kijani) inayong'aa chini ya mwanga wa infraredi. Mfano tutakaoufuata ni mmoja: uvimbe wa sentimita 3 uliojificha kati ya segmenti ya 6 na ya 7, na mpango ni kutoa sekta yote ya nyuma kulia, yaani segmenti hizo mbili. Maelezo haya ni ya timu ambayo tayari inakata ini kwa matundu madogo. Asiyejua kuzuia damu ya veni ya ini hatafundishwa na ramani.

Nani mwenye neno la mwisho

Amueni hili kabla ya siku ya upasuaji, kwa sababu vifaa vitatu hivi vitabishana. Ramani ya CT ilichorwa mgonjwa amelala chali, amevuta pumzi na kuishikilia, tumbo halina gesi. Siku ya kazi mgonjwa amelazwa ubavu, tumbo limejazwa gesi ya kaboni dioksaidi kwa shinikizo la mmHg 12, kano zimekatwa na ini limeangukia kushoto kwa uzito wake. Umbo lenyewe limebadilika, na sehemu nyingine huhama kwa sentimita kadhaa. ICG inaonyesha ini la leo, lakini mwanga wake haupenyi zaidi ya milimita 5 hadi 10 kutoka juu. Altrasaundi pekee ndiyo inayoonyesha ini la leo, kwa ndani, wakati huohuo unaokata. Kwa hiyo zikibishana, altrasaundi inashinda. Ramani hutumika kupanga, ICG hutumika kuchora mpaka, altrasaundi hutumika kuhukumu.

Kutengeneza ramani

Ramani mbaya huanzia chumba cha CT. Omba hivi kwa maandishi: vipande visivyozidi milimita 1 hadi 1.5, awamu tatu, na data yote ya DICOM, yaani faili asili za mashine. Filamu au picha za JPEG kwenye CD hazifai, kwa kuwa haziwezi kujengwa upya kuwa 3D. Vipande vya milimita 5, ambavyo vituo vingi huhifadhi ili kuokoa nafasi, hufanya tawi la veni lionekane kama ngazi, na matawi madogo hupotea kabisa. Mashine nyingi huchukua vipande vyembamba kisha huvifuta baada ya siku chache. Mpigie fundi siku hiyohiyo avitunze.

Dawa ya kung'arisha mishipa iwe takriban ml 1.5 kwa kilo ya uzito, ipitie kanula ya geji 18 au 20 kwenye kiwiko, kwa kasi ya ml 3 hadi 5 kwa sekunde. Awamu ya ateri huchukuliwa karibu na sekunde ya 35, ya porta karibu na sekunde ya 70, ya mwisho baada ya dakika 3 au zaidi. Awamu ya sekunde 70 ndiyo roho ya ramani, maana hapo veni ya porta (inayoleta damu ya utumbo kwenye ini) na veni za ini (zinazoitoa) zote zimejaa. Ikipigwa mapema mno, veni za ini hutoka kijivu na programu itazichanganya na nyama ya ini. Mgonjwa aliyepata kemo baada ya CT apigwe upya: uvimbe husinyaa, mwingine hutoweka kwenye picha, na ramani ya miezi mitatu iliyopita itakupeleka kusikokuwa na kitu.

Kujenga ramani hakuhitaji programu ya bei. 3D Slicer ni ya bure na inatosha. Ingiza DICOM ya awamu ya porta, kata eneo la ini tu ili kompyuta isielemewe, kisha tenganisha vitu vitano: ini, uvimbe, veni ya porta, veni za ini pamoja na vena kava, na mfuko wa nyongo. TotalSegmentator, programu ya kutambua viungo yenyewe inayofanya kazi ndani ya Slicer, hutoa umbo la ini kwa dakika chache na kwa ubora unaoridhisha. Mishipa ni hadithi nyingine. Kompyuta hupenda kuunganisha veni ya ini na tawi la porta pale zinapopishana kwa karibu, na ramani ikitoka hivyo utaamini kwamba damu ya segmenti fulani inatoka kusikostahili. Kaa na mtaalamu wa radiolojia, pitieni kila makutano kipande kwa kipande. Usilainishe uso wa mishipa kupita kiasi. Ulainishaji hufuta matawi ya chini ya milimita 3, na hayo ndiyo yatakayokutoa damu.

Kisha jibu maswali manne kwa namba:

1. Tawi la porta la nyuma kulia linatoka wapi? Kwa watu wengi hutoka kwenye shina la kulia, lakini kwa baadhi hutoka peke yake kwenye shina kuu, kabla ya mgawanyiko. Kama ni hivyo, mahali pa kubana pamehama.
2. Uvimbe uko milimita ngapi kutoka veni ya kulia ya ini, ambayo ndiyo mpaka wa sekta ya mbele na ya nyuma?
3. Ukikata kufuata mpaka huo, tawi la kwanza kubwa la veni utalikuta kwenye kina gani?
4. Ini litakalobaki ni asilimia ngapi?

Hesabu ya swali la nne ni ujazo utakaobaki, ugawanye kwa ujazo wa ini lote baada ya kutoa ule wa uvimbe. Ini lenye afya linavumilia kubaki na asilimia 20, lililopitia kemo nyingi lipewe 30, lenye sirosisi 40. Kwa ini lenye sirosisi ongeza kipimo cha ICG cha dakika 15, kinachoitwa R15: mgonjwa huchomwa mg 0.5 kwa kilo, halafu hupimwa kiasi kilichobaki kwenye damu. Kwa kanuni ya Makuuchi, mpasuaji wa ini wa Japani, kama hana maji tumboni na bilirubini ni ya kawaida, R15 chini ya asilimia 10 inaruhusu hata kutoa nusu ya kulia; 10 hadi 19 inaruhusu karibu theluthi moja; 20 hadi 29 segmenti moja; 30 hadi 39 kipande kidogo tu; kuanzia 40, kuuchomoa uvimbe peke yake. Sekta ya nyuma kulia ni karibu theluthi ya ini kwa watu wengi, kwa hiyo mgonjwa wetu, kama angekuwa na sirosisi na R15 ya 25, angebadilishiwa mpango hapa, kwenye meza ya kupanga, kabla hajafunga kula.

Jambo moja dogo ambalo timu nyingi hulisahau: programu hukuonyesha ini kwa mbele, kana kwamba umesimama uso kwa uso na mgonjwa aliyesimama. Kamera yako inatazama kutoka kitovuni kwenda juu, kwa lenzi ya digrii 30. Zungusha modeli hadi ilingane na jicho la kamera, hifadhi mionekano minne au mitano ya hatua muhimu, na andika zile namba kwenye ubao ukutani. Modeli nzuri inayotazamwa kwa upande usio wake inachanganya kuliko kutokuwa nayo.

Kuoanisha ramani na ini lililo mbele yako

Hapa ndipo pesa nyingi hutumika na tamaa nyingi huvunjika. Mfumo kamili wa kuiweka ramani juu ya picha ya kamera una kamera ya infraredi inayofuata vipira vya kuakisi vilivyofungwa kwenye vifaa, au sumaku inayofuata koili ndogo kwenye ncha. Wa infraredi ni sahihi, ila mtu akisimama katikati picha inakatika. Wa sumaku hauzibwi na mtu, ila hupotoshwa na chuma: meza, vibano, hata mwili wa laparoskopu, yaani kamera ya tumboni. Ukichagua sumaku, weka kifaa chake mahali palepale kila mara na upime upotoshaji mezani kabla mgonjwa hajaingia.

Kamera yenyewe lazima ipimwe kwanza kwa ubao wa miraba myeupe na myeusi, ikiwa na lenzi na umakini ule utakaotumika. Ukigeuza umakini baadaye, au ukizungusha lenzi ya digrii 30 bila mfumo kujua, kalibresheni imekufa na picha ya ramani itaelea pembeni mwa ini.

Kuoanisha kwa pointi hufanywa hivi. Mwombe daktari wa usingizi asimamishe mashine ya kupumulia mwisho wa kutoa pumzi, kwa sababu ini hupanda na kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila pumzi. Gusa alama nne au zaidi zilizo pia kwenye ramani: pale ukano wa teresi unapoingia kwenye ini, ukingo wa kitanda cha mfuko wa nyongo, ncha ya chini ya segmenti ya 6, na ndani, kwa altrasaundi, mgawanyiko wa porta ya kulia. Pointi zisikae kwenye mstari mmoja, na angalau mbili ziwe karibu na uvimbe.

Mfumo utakupa namba, mathalani milimita 3, na kila mtu chumbani atafurahi. Namba hiyo inaeleza jinsi pointi ulizogusa zilivyokaa juu ya zile za ramani. Haisemi chochote kuhusu uvimbe. Pointi nne za ukingo wa mbele zinaweza kukaa vizuri kabisa huku uvimbe ulio nyuma, kwenye sehemu iliyojikunja baada ya kukata kano, uko sentimita 2 kutoka pale skrini inapouonyesha. Dawa yake ni pointi ya tano ambayo hukuitumia kwenye kuoanisha: tafuta njia panda ya mishipa iliyo karibu na uvimbe, iguse kwa altrasaundi, pima tofauti. Ikiwa chini ya milimita 5, endelea. Ikiwa kati ya 5 na 10, oanisha upya kwa pointi za ndani zilizo karibu zaidi. Ikizidi 10 baada ya kurudia, zima picha iliyofunika na ubaki na modeli kando kama kitabu cha kuangalizia. Rudia kipimo hiki kila unapogeuza ini au kubadili shinikizo la gesi. Kuoanisha ulikofanya kabla ya kukata ukano wa kulia hakufai tena baada ya kuukata.

Kwa hospitali isiyo na mfumo huu, kompyuta ya mkononi yenye modeli, altrasaundi nzuri na kamera ya ICG hufikisha karibu sehemu zote mfumo wa ghali unakofika. Tungetaka pesa ya kwanza iende kwenye altrasaundi.

Kusoma altrasaundi ya ndani

Proub ya laparoskopia, yaani kifaa cha altrasaundi kinachogusa ini, hupita troka ya mm 12, ncha yake hujikunja pande nne, na hutumia MHz 5 hadi 10. Kabla ya kuangalia chochote, gusa ini kwa kifaa karibu na ncha ya proub uone upande upi wa skrini unatikisika. Kosa la kugeuza kushoto na kulia ni la kawaida kuliko wanavyokubali wengi.

Anzia vena kava, shuka na veni tatu za ini moja moja, kisha rudi kwenye porta na ufuate kila tawi hadi segmenti yake. Ukuta wa porta unang'aa kwa sababu umevikwa ala ya Glisson, tishu inayofunika mishipa inayoingia ini. Ukuta wa veni ya ini ni mwembamba na karibu hauonekani. Usibonyeze. Chini ya gesi, na shinikizo la damu ya veni likiwa limeshushwa makusudi, veni ya kulia ya ini hulala bapa, na uzito wa mkono wako huifunga kabisa ukaona ni nyama tupu. Milimita chache za kwanza chini ya proub ni ukungu. Uvimbe wa juujuu utazame kutoka upande wa pili wa ini, au mwaga maji ya chumvi na uinue proub kidogo ndani yake.

ICG: dozi, muda, na risasi moja

ICG ikiingia kwenye damu hushikamana na protini, hunyonywa na seli za ini, na hutolewa kwenye nyongo peke yake. Kwa ini lenye afya nusu yake hutoka kwenye damu kwa dakika 3 au 4. Hupokea mwanga wa karibu nanomita 800 na kurudisha wa karibu 830, ambao jicho halioni ila kamera maalumu inauona.

Kichupa huwa na mg 25 za unga. Yeyusha kwa ml 10 za maji ya sindano upate mg 2.5 kwa ml. Maji ya chumvi yasitangulie. Dawa hujikusanya na kuwa chembechembe. Itumike ndani ya saa 6. Aina nyingi zina iodini, hivyo muulize mgonjwa kuhusu mzio. Na mwambie daktari wa usingizi kabla ya kuchoma: kipimo cha oksijeni kidoleni kitashuka kwa muda mfupi kwa sababu rangi inaingilia mwanga wake. Asipoambiwa atasimamisha kazi akimtafuta mgonjwa anayezama, kumbe anapumua vizuri.

Kuna matumizi mawili, na yanagombana.

La kwanza ni kuonyesha uvimbe. Choma mg 0.5 kwa kilo siku kadhaa kabla; ile sindano ya R15 inatosha. Seli za kawaida zitaitoa, saratani itaibakisha. Saratani ya seli za ini iliyokomaa kimuundo, yaani ambayo seli zake bado zinafanana na za ini, hung'aa yote. Ile isiyokomaa, na uvimbe uliotoka kwenye utumbo mpana, hung'aa pete tu kuzunguka ukingo. Afrika Mashariki, ambako saratani nyingi ya ini hukulia kwenye ini lililoharibiwa na homa ya ini B, jihadhari: vinundu vya sirosisi navyo hung'aa. Kinachong'aa pasipo altrasaundi kuona uvimbe kisikatwe kwa sababu ya mng'ao tu. Uvimbe ulio kwenye kina cha sentimita 1 na zaidi hautaonekana hata ukiwa umejaa dawa.

La pili ni kuchora mpaka wa sekta, na kwa mgonjwa wetu hili ndilo kazi yenyewe. Ukichoma dozi ya uvimbe siku moja kabla, hasa kwa ini lenye sirosisi, ini lote litakuwa bado linang'aa na mpaka hautasomeka. Acha siku 7 au zaidi kwa ini gonjwa.

Njia tunayoipendekeza ni ya kuacha giza, yaani kubana shina la sekta kisha kuling'arisha ini linalobaki.

Inua mfuko wa nyongo. Kulia kwake, kwenye uso wa chini, tafuta mfereji wa Rouvière, mpasuko wa sentimita 2 hadi 5 ulio wazi kwa watu wengi. Shina la nyuma kulia, yaani veni, ateri na mrija wa nyongo ndani ya ala moja, limelala humo. Pita nje ya ala, kati yake na utando wa ini, kwa kifaa butu. Ukihisi unachana, umeingia ndani ya nyama ya ini. Zungushia utepe, kisha weka kibano kidogo cha mshipa.

Sasa simama. Usichome bado. Weka Dopla, altrasaundi inayoonyesha mtiririko wa damu: tawi la nyuma lisiwe na mtiririko hata kidogo, la mbele liendelee kutiririka. Kagua mshikio wa kibano kwa chini, ambako ukingo wa ala hupenda kuteleza na kubaki nje ya meno. Hakikisha kibano cha Pringle, kile kinachofunga damu yote inayoingia ini, kimefunguliwa. Kikiwa kimefungwa, dawa haitafika ini lolote. Shinikizo la damu liwe la kutosha, sistoli (namba ya juu) 90 au zaidi. Hapo ndipo unachoma ml 1, yaani mg 2.5, kwenye kanula ya mkononi, na kusukuma kwa ml 10 za maji ya chumvi.

Washa infraredi, sogeza kamera sentimita 3 hadi 5 kutoka ini, futa damu na moshi. Ndani ya dakika moja hivi ini la mbele na la kushoto linajaa kijani, na sekta ya nyuma inabaki nyeusi. Chora mpaka kwa koota (kifaa cha kuchoma kwa umeme) mara moja, juu kuelekea kiwambo na chini kuelekea mfereji, maana kijani huanza kuvuja taratibu kupitia njia ndogo za ndani na ukingo mkali unakuwa ukungu.

Kwa nini tumesisitiza usichome bado? Kwa sababu hakuna kurudia. Kibano kikiwa kimeacha tawi moja dogo, ini lote linang'aa, na dawa haitoki ini kwa saa kadhaa. Ikitokea, zima infraredi, kaza kibano, na fuata mstari wa rangi ya ukosefu wa damu unaoonekana kwa mwanga wa kawaida, pamoja na veni ya kulia kwenye altrasaundi. Kazi inaendelea, kwa mwendo wa polepole zaidi.

Njia ya kinyume, ya kung'arisha sekta yenyewe, hutumika pale shina haliwezi kushikwa kwa nje, kama segmenti ya 8. Sindano ndefu ya geji 18 hadi 22 huingizwa kwenye tawi la porta ikiongozwa na altrasaundi. Dawa hapa iwe hafifu sana: ml 1 ya mchanganyiko wa kwanza ndani ya ml 100 za maji ya chumvi, kisha ml 5 hadi 10 polepole. Ukisukuma kwa nguvu inarudi nyuma na kung'arisha jirani. Ukikosa veni inamwagika kwenye nyama na kuziba mwonekano. Segmenti ya 8 mara nyingi ina matawi mawili au zaidi, na kuchoma moja hung'arisha nusu. Na uvimbe wowote wa maji ndani ya ini ukaguliwe kwanza kama ni hidatidi, ugonjwa wa minyoo ya tegu unaojulikana sana Turkana. Sindano ikiupitia, maji yake yanaweza kuleta mshtuko wa mzio na kupanda mabuu tumboni.

Wakati wa kukata

Daktari wa usingizi ashushe shinikizo la veni kuu chini ya mmHg 5, gesi ibaki 10 hadi 12. Ukiipandisha gesi kuzuia damu ya veni iliyotoboka, unakaribisha mapovu ya gesi kwenye moyo. Angalieni kaboni dioksaidi ya pumzi, ikishuka ghafla punguzeni gesi na mzibe tundu. Kibano cha Pringle kifungwe dakika 15, kifunguliwe 5.

Kata nyama kwa mwanga wa kawaida, washa infraredi kila baada ya hatua chache: ukuta wa upande unaobaki uwe wa kijani, wa upande unaotoka uwe mweusi. Ukiona kijani pande zote mbili umeingia sekta ya mbele. Ukiona giza pande zote mbili umeacha kipande cha sekta ya nyuma ambacho kitakufa na kuoza. Damu iliyobeba ICG hupaka ukuta rangi ya uongo, kwa hiyo suuza kabla ya kusoma.

Kila sentimita 1 hadi 1.5 ya kina, rudisha proub. Pima umbali wa kisu hadi uvimbe, na wa kisu hadi veni ya kulia. Hewa iliyoingia kwenye mkato hutoa mstari mweupe wenye kivuli unaoficha kila kitu chini yake. Jaza mkato maji ya chumvi na usubiri kidogo. Mstari huo mweupe nao una faida, kwa kuwa unaonyesha uelekeo wa mkato wako: ukielekea uvimbe, geuza sasa. Veni ya kulia ya ini ikianza kuonekana ubavuni mwa mkato, kama utepe wa samawati, ifuate kutoka shinani kwenda pembezoni. Kuifuata kinyume hupasua pembe za matawi.

Kabla ya kufunga tumbo

Bonyeza chachi nyeupe safi kwenye uso uliokatwa kwa dakika moja, iondoe, itazame chini ya infraredi mbali na ini. Doa linalong'aa ni nyongo inayovuja; uso wa ini wenyewe hauwezi kukuambia, kwa sababu unang'aa wote. Shona mahali hapo kwa uzi mwembamba, rudia kwa chachi mpya.

Nje, pasua kipande kilichotolewa mbele ya kamera ya infraredi, pima milimita kati ya uvimbe na ukingo, kisha ukipime uzito na ulinganishe na ujazo wa ramani, ukihesabu gramu 1 kwa ml 1. Kitakuwa chepesi kidogo kuliko ramani, maana damu imetoka. Kikipungua sana, rudi kwenye modeli mtafute ni mstari upi uliopotoka. Proub ya altrasaundi isiingie otoklevu, joto huua fuwele zake. Isafishwe kwa plazma ya haidrojeni peroksaidi au kemikali iliyotajwa na mtengenezaji, na ikaguliwe waya kwenye kiungo kinachojikunja, ambako ndiko huvunjika kwanza.